Protini ya mmea inayozima ribosomu: kutoka endodi ya milimani hadi mbegu ya mbarika

Kwenye kingo za misitu ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, kuna mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, wenye vichala virefu vya matunda madogo. Kila tunda lina umbo la nyota yenye pembe butu, na likiiva hugeuka rangi kuelekea nyekundu. Wanasayansi huuita Phytolacca dodecandra. Waethiopia, ambao wameutumia kwa vizazi vingi kama sabuni ya kufulia, huuita endodi.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, akiwemo mwanakemia Jon Robertus wa Chuo Kikuu cha Texas, walieleza kwamba wametenga protini mpya kutoka kwenye majani ya mmea huo. Waliipa jina la dodekandrini. Ni protini ndogo, inayofanana sana na nyingine iliyokuwa ikijulikana tayari kutoka kwa ndugu yake endodi anayeota Marekani ya Kaskazini, Phytolacca americana. Hiyo ya Marekani huitwa protini ya kuzuia virusi, kwa sababu ndivyo ilivyogunduliwa: ilizuia virusi kushambulia mimea.

Jina hilo limewavutia wengi, na limewapotosha wengi pia. Protini hizi haziwindi kirusi, angalau hiyo si kazi yao kuu. Kinachopigwa ni ribosomu, yaani mtambo unaotengeneza protini ndani ya kila seli hai. Seli ya tumbaku, ya konokono au ya binadamu, zote zina ribosomu. Kwa hiyo kinachoitwa kinga upande mmoja ni sumu upande wa pili, na kitendo chenyewe ni kimoja. Kinachoamua ni seli ya nani imeingiliwa, na mlango uliotumika kuingia. Kwa mtu anayeishi Moshi au kwenye vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, suala hili halipo maabara peke yake, kwa maana protini za ukoo huu zimo kwenye punje ya mahindi, kwenye shayiri ya West Kilimanjaro na kwenye mbegu za mbarika zinazoanguka kando ya njia.

Mtambo wenyewe

Maelekezo ya kutengeneza protini yamehifadhiwa kwenye DNA. Seli ikihitaji protini fulani, hutoa nakala ya sehemu husika katika umbo la RNA, na nakala hiyo hupelekwa kwenye ribosomu. Ribosomu huisoma herufi tatu kwa wakati mmoja. Kwa kila herufi tatu huongeza asidi amino moja kwenye mnyororo, kisha husogea hatua moja mbele na kusoma tatu zinazofuata. Katika seli za wanyama, ribosomu moja huunganisha asidi amino kama tano hivi kwa sekunde, na seli moja yenye shughuli nyingi huweza kuwa na ribosomu mamilioni. Hemoglobini ya damu, insulini, vimeng'enya vya tumboni na nyuzi za misuli, vyote vimepita hapo.

Ribosomu imejengwa kwa protini pamoja na RNA yake yenyewe, ambayo si ile nakala inayosomwa. Zamani ilidhaniwa kwamba RNA hiyo ni kiunzi tu cha kushikilia protini. Sasa inajulikana kwamba ndiyo inayofanya kazi ya msingi. Kipande chake kikubwa kwa wanyama kina maelfu ya herufi. Cha panya, kilichochunguzwa sana katika utafiti huu, kina takribani 4,700. Mahali fulani kwenye kipande hicho RNA imejikunja na kufanya kitanzi kidogo kilichochomoza. Herufi za kitanzi hicho karibu hazijabadilika tangu uhai ulipoanza: za bakteria, za mgomba na za binadamu zinalingana. Kitu kisipobadilika kwa muda mrefu kiasi hicho, ujue kinashikilia jambo kubwa.

Kitanzi hicho ndicho kinachogusana na protini za msaada zinazoisukuma ribosomu kwenda hatua inayofuata. Ukitaka kuona picha yake, fikiria ile mashine ya mkono ya kumenyea kahawa ambayo bado ipo kwenye vihamba vingi. Kuna ngoma, kuna sanduku, kuna mkono wa kuzungushia, na mahali mkono unaposhikana na mhimili wa ngoma pana pini. Ichomoe pini hiyo. Mashine yote ni nzima, haina ufa wala kutu, kahawa imejaa juu, mtu anazungusha mkono kwa nguvu zake zote, na ngoma haizunguki.

Pini ya ribosomu ni herufi moja tu, adenini iliyoko kwenye ncha ya kitanzi. Kwenye RNA ya panya imepewa namba 4324. Dodekandrini, protini ya kuzuia virusi ya Marekani na jamaa zao wote ni vimeng'enya vyenye kazi moja: kukata kiungo kati ya adenini hiyo na sukari iliyoishikilia. Mnyororo wa RNA haukatiki, ila herufi moja inang'olewa na kuacha pengo. Uchunguzi wa umbo la protini hizi umeonyesha jinsi wanavyofanya hivyo: adenini huvutwa ndani ya mfuko mdogo na kubanwa katikati ya pete mbili za asidi amino iitwayo tairosini, kisha hukatwa kwa msaada wa molekuli ya maji.

Baada ya hapo protini za msaada haziwezi tena kushika mahali pake na kuisukuma ribosomu. Mnyororo uliokuwa ukijengwa unasimama katikati. Kimeng'enya chenyewe hakitumiki kikaisha; kinaachia na kuhamia ribosomu nyingine. Risini, jamaa mwenye nguvu zaidi anayetoka kwenye mbarika, imepimwa ikiharibu ribosomu zipatazo 1,500 kwa dakika kwa kila molekuli moja. Seli haina uwezo wa kukarabati kwa kasi hiyo. Protini zilizokuwepo zinachakaa, mpya hazitoki, na seli inakufa.

Ilivyogunduliwa

Safari ya kuifahamu herufi hiyo moja ilichukua zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1925 wataalamu wa mimea Benjamin Duggar na J. K. Armstrong walichanganya juisi za mimea mbalimbali na kirusi cha batobato ya tumbaku, kisha wakapaka mchanganyiko kwenye majani ya tumbaku. Juisi ya Phytolacca ya Marekani ilizuia ugonjwa usishike. Wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kukiona kirusi, wala neno ribosomu lilikuwa halijabuniwa. (Duggar huyo ndiye aliyekuja kugundua baadaye, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo ilipodhihirika kwamba protini inayozuia hufanya hivyo kwa kuharibu ribosomu. Mwaka 1975 James Irvin wa Texas alieleza namna ya kuisafisha na sifa zake. Lakini hakuna aliyejua ribosomu inaharibiwa vipi. Ukiipima ribosomu iliyozimwa, uzito wake ni ule ule, protini zake zote zipo, na RNA yake haijakatika.

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1987 Yaeta Endo na wenzake, wakitumia risini, walionyesha kwamba kilichopotea ni adenini moja. Katika herufi 4,700, moja. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba protini nyingine kadhaa za mimea, ile ya Phytolacca ya Marekani ikiwa mojawapo, hukata mahali pale pale. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya kazi safi kabisa za biokemia ya karne iliyopita, na inashangaza kwamba haisimuliwi shuleni.

Kwa nini mmea una kitu hicho

Phytolacca ya Marekani haina kinga dhidi ya protini yake yenyewe. Ribosomu zake huzimika kama za mmea mwingine wowote. Hivyo mmea hulazimika kuiweka mbali: protini ikishatengenezwa hutolewa nje ya seli na kuhifadhiwa kwenye ukuta wa seli. Mwaka 1986 Robertus na wenzake walionyesha hivyo kwa kuitafuta protini hiyo ndani ya majani kwa kutumia kingamwili, wakaikuta ukutani.

Fikiria sasa kidukari anayenyonya jani. Mdomo wake unatoboa ukuta na ngozi ya seli, na kama amebeba virusi, anaviingiza. Wakulima wa maharage wa mteremkoni wanajua matokeo yake: majani yenye mabaka, yaliyojikunja, na mavuno haba. Kwenye mmea wa ukoo wa endodi, maelezo yanayokubalika ni kwamba tundu lile linaloingiza kirusi linaingiza pia protini iliyokuwa ukutani. Ribosomu za seli hiyo zinazimwa. Kirusi hakina ribosomu yake. Kila kirusi, cha maharage au cha UKIMWI, hutegemea ribosomu za mwenyeji wake ili kutengeneza protini za kujizalisha. Kikikuta mtambo umezimwa, kimefika mahali pasipo na kazi. Seli moja imekufa, jirani zake wamepona.

Hiyo si hadithi yote. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Nilgun Tumer, lilihamishia jeni ya protini hii kwenye tumbaku na viazi. Mimea hiyo ilistahimili virusi vya aina tofauti, jambo ambalo si la kawaida, kwani kinga nyingi za mimea hulenga kirusi kimoja. Lakini mimea iliyotengeneza protini kwa wingi ilidumaa na kuwa na majani yenye mabaka: ribosomu zake zilikuwa zikiumia. Baadaye watafiti walitengeneza aina zilizopunguzwa makali, ambazo hazikudhuru ribosomu za mmea na bado zikazuia virusi. Maana yake ni kwamba protini hii ina angalau njia nyingine ya kupambana na virusi, na kuna ushahidi kwamba huweza kung'oa herufi kwenye RNA ya virusi vyenyewe. Kama njia hizo mbili zitaweza kutenganishwa kabisa, hapo ndipo matumaini ya kilimo yalipo.

Jamaa tunaowala

Mahindi nayo yana protini ya ukoo huu. Kwenye punje imehifadhiwa ikiwa imefungwa: katikati ya mnyororo wake kuna kipande cha ziada kinachoifanya isifanye kazi. Mbegu ikianza kuota, vimeng'enya hukata kipande hicho na protini huamka. Shayiri, inayolimwa West Kilimanjaro kwa ajili ya bia, ina ya kwake, ambayo haizigusi ribosomu za shayiri yenyewe bali hushughulika na za viumbe wengine, fangasi wakiwemo. Ngano nayo inayo. Karela, lile tango chungu linalopendwa kwenye mapishi ya Kihindi, lina protini za namna hii kwenye mbegu zake.

Tunakula vyakula hivi kila siku na hatudhuriki. Sababu ni mbili. Kwanza, moto wa jikoni huiharibu protini kama unavyoligeuza yai bichi kuwa gumu. Pili, na hii ndiyo muhimu zaidi, protini hizi hazina ufunguo wa seli zetu. Zina ukali wa kukata adenini, lakini haziwezi kushika ngozi ya seli na kuingia. Tumboni humeng'enywa kama nyama au maharage.

Dodekandrini iko kundi hilo. Wataalamu huita aina ya kwanza: mnyororo mmoja, wenye makali bila ufunguo.

Wenye ufunguo

Aina ya pili ina minyororo miwili iliyofungwa pamoja. Mmoja ni yule yule mkataji. Wa pili hauna sumu yoyote, ila hushika sukari zilizoko juu ya ngozi ya seli za wanyama. Seli, ikidhani imepata kitu cha kawaida, hukimeza. Protini husafiri kinyumenyume ndani ya seli, kupitia vyumba ambavyo kwa kawaida hupeleka bidhaa nje, hadi pale minyororo inapoachana. Mkataji huponyoka kwa kutumia njia ya kutupia protini mbovu, kisha anazifikia ribosomu.

Mfano unaojulikana zaidi ni risini ya mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo au mbono. Asili ya mmea huu ni upande wetu huu wa Afrika. Jina lake la kisayansi, Ricinus, ni neno la Kilatini la kupe, na mtu aliyewahi kushika mbegu yake yenye madoa atakubali kwamba aliyeupa jina hakukosea. Mwingine ni abrini, iliyomo kwenye turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo hutungwa shanga.

Na yupo mmoja mwenye jina la Kilimanjaro ndani yake. Kati ya 1892 na 1894 mtaalamu wa mimea Georg Volkens aliishi kwenye kituo cha utafiti cha Wajerumani upande wa Marangu, akikusanya mimea ya mlima na ya nyika iliyouzunguka. Kitabu chake kuhusu Kilimanjaro kilitoka mwaka 1897. Mimea kadhaa ilipewa jina lake. Mmoja ni Adenia volkensii, mmea wa nyika kavu za Kenya na Tanzania unaojulikana kwa sumu. Mwaka 1985 watafiti wa Italia walioongozwa na Fiorenzo Stirpe walieleza sifa za protini iliyotoka kwenye mizizi yake, wakaiita volkensini. Ni aina ya pili, na ni kali mno. Ina tabia ambayo risini haina: ndani ya ubongo hupanda kwenye nyuzi za neva kutoka mwishoni hadi kwenye kiini cha seli. Wataalamu wa ubongo wameitumia kufuatilia neva zipi zimeunganishwa na zipi. Volkens mwenyewe, aliyefariki mwaka 1917, asingeweza kuota kwamba jina lake lingefika huko.

Bakteria pia wamebuni kifaa hiki. Shigella dysenteriae aina ya kwanza, anayeleta kuhara damu kwa milipuko, hutoa sumu inayong'oa adenini ile ile kwenye ribosomu zetu. Ndiye aliyeenea kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Goma mwaka 1994, mara tu baada ya kipindupindu. Mmea wa shambani na bakteria wa majini wamefikia udhaifu ule ule wa mtambo wetu.

Kuzuia virusi si kutibu mgonjwa

Mwaka 1990 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba protini ya Phytolacca ya Marekani, ikiunganishwa na kingamwili zinazoifikisha kwenye seli ambazo VVU huzishambulia, huzuia virusi hivyo kuzaliana ndani ya vyombo vya maabara. Kingamwili hapo zilifanya kazi ya ufunguo. Wazo lilikuwa zuri na lilifika hatua ya kujaribiwa kwa wagonjwa wachache mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna dawa ya VVU iliyoidhinishwa iliyotokana nalo. Ugumu ni ule ule wa tangu mwanzo: kitu kinachozima ribosomu hakitofautishi seli iliyoambukizwa na iliyo nzima isipokuwa kimeelekezwa kwa usahihi mkubwa, na mwili nao huitambua protini ya kigeni na kuitengenezea kingamwili.

Habari kama hiyo ikipita kwenye simu za watu hufupishwa kuwa "mmea fulani unaua virusi vya UKIMWI". Kaskazini mwa Tanzania tunajua uzito wa sentensi ya aina hiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wengine wakipita Moshi na Arusha, walikwenda Samunge huko Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wasiache ARV. Mti uliotumika kule si wa ukoo tunaouzungumzia hapa. Ila mantiki ya mtu anayesikia kuhusu endodi leo inaweza kuwa ile ile: kama inazuia virusi maabara, nichemshe majani ninywe.

Achukue hatua moja moja aone. Akichemsha, protini inaharibika. Asipochemsha, tumbo linaimeng'enya. Ikisalimika kidogo, haina ufunguo wa kuingia kwenye seli alizokusudia. Kinachobaki kwenye kikombe ni vitu vingine vya mmea huo, na hivyo ndivyo vya kuogopwa.

Endodi ina saponini kwa wingi, hasa kwenye matunda. Hizi si protini na hazihusiani na ribosomu. Ni kemikali zinazotoa povu na kuvuruga ngozi ya seli. Ndizo zinazoufanya mmea kuwa sabuni, na ndizo zilizompa umaarufu. Mwaka 1964 Mwethiopia Aklilu Lemma, akiwa Adwa, aliona konokono wengi waliokufa mtoni, chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifua kwa endodi. Konokono hao ndio wanaobeba kichocho. Kazi yake na ya mwenzake Legesse Wolde-Yohannes ya kuutumia mmea huo dhidi ya konokono iliwapatia Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Lakini kinachoua konokono huwaua samaki pia, na kwa mtu aliyekunywa huleta kutapika na kuhara. Mmea huu umetumika sehemu mbalimbali za Afrika kama dawa ya minyoo na hata ya kutoa mimba, matumizi ambayo ni hatari kwa anayekunywa. Mara nyingi mtu husema "endodi inafanya kazi" bila kutaja ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi hiyo, na juu ya nani.

Mbarika nyumbani

Ikiwa kuna jambo moja katika somo hili linaloweza kumgusa mzazi kesho asubuhi, ni mbegu za mbarika. Mmea huota wenyewe kwenye mipaka ya mashamba, kwenye majalala na kando ya mifongo, na ganda lake likikauka hupasuka na kurusha mbegu zinazong'aa ambazo mtoto yeyote angependa kuziokota.

Mafuta ya mbarika yaliyokamuliwa vizuri hayana risini. Protini hiyo huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo hubaki kwenye mashudu. Ndiyo sababu mashudu ya mbarika hayafai kulishwa ng'ombe, mbuzi au kuku kama yalivyo, na hata yakitumiwa kama mbolea, mbwa hawapaswi kuyafikia.

Mbegu iliyomezwa nzima ina ganda gumu na huweza kupita bila madhara makubwa. Iliyotafunwa ndiyo ya hatari, maana risini imeachiliwa. Idadi ya mbegu zinazoweza kuua haitabiriki: inategemea umri wa mtu, uzito wake na kiasi alichotafuna, na kwa mtoto chache zinaweza kutosha. Dalili hazianzi papo hapo. Hupita saa kadhaa, kwa sababu seli zinahitaji muda kuishiwa protini. Kisha huja maumivu ya tumbo, kutapika, kuhara ambako huweza kuwa na damu, na upungufu mkubwa wa maji mwilini. Mtoto anayeonekana mzima saa moja baada ya kutafuna mbegu hajapona, hajaanza kuumwa.

Hakuna dawa ya kuondoa risini iliyokwisha kuingia ndani ya seli. Kinachookoa maisha ni tiba ya kusaidia mwili: maji na chumvi kwa njia ya mshipa, uangalizi wa shinikizo la damu, figo na ini, na mkaa maalumu wa hospitali ikiwa mgonjwa amefikishwa mapema. Usimtapishe kwa nguvu nyumbani, na usimpe maziwa wala mafuta kwa kudhani yatakata sumu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri dalili, na kama mbegu au ganda limebaki, lichukue uende nalo, kwa sababu daktari akiiona mbegu yenyewe atajua anashughulika na nini.